Hupiga Magoti Wala Haombi

Siku Paddy alipoondoka nyumbani Lunyo asirudi, alimtegea mama yake kitendawili. Gari lilikuwa limeshawashwa, magunia ya samaki wakavu yamepangwa nyuma, naye akachungulia dirishani na kusema, "Kitendawili, mama." Benedeta, mikono imejaa unga wa muhogo hadi viwikoni, akaitika, "Tega."

"Hupiga magoti njia nzima, wala haombi."

Benedeta alijaribu ngamia, ingawa hakuna aliyewahi kumwona ngamia Lunyo. Akajaribu mtoto anayetambaa, halafu mkata nyasi. Yote Paddy aliyakataa kwa kichwa, huku akicheka. Basi akashindwa, na anayeshindwa hutoa mji. "Haya," alisema, "chukua Tororo."

Mtegaji akishapewa mji hujidai amekwenda huko, akala hiki, akaona kile, ndipo atoboe jibu. Lakini Paddy alisema kwamba kwa kuwa Tororo ndiko anakokwenda kwa kweli, hana haja ya kudanganya. Akirudi jioni atasimulia aliyoyaona, na jibu atalitoa mezani. Akapiga honi mara mbili, akaenda.

Miaka mitatu ilipita. Si Paddy, si gari, si gunia hata moja lililoonekana. Waliulizia polisi na hospitali, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Mwishowe mulamu wake Wabwire, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja na wazee wawili kumweleza lile alilokuwa akiliogopa: mtu asipopatikana, ukoo hukata mgomba, ukaulaza kaburini mahali pake, ili atulie huko aliko na waliobaki watulie. Benedeta aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtu aliyempa mji bado hajamletea jibu, kwa hiyo hamziki.

Hata hivyo nyumba ya mwenye kungoja nayo huingia mimba. Harriet, binti yake wa mwisho, alishika mimba ya mapacha. Mimba ikiwa ya mwezi wa sita alipanda bodaboda kwenda sokoni, akarudi na damu. Daktari wa Tororo alimpima, akasema watoto watatolewa kwa upasuaji, siku imepangwa, na mpaka siku hiyo mama huyu asirushwerushwe barabarani hata kidogo. Kutoka Lunyo hadi Tororo, asirushwe! Ni sawa na kumwambia mtu avuke mto asilowe.

Benedeta aliuza ng'ombe, akanunua gari kubwa lililotumika, la aina ileile ya Paddy, kwa sababu ndilo alilofundishwa kuendesha. Injini ilikuwa nzima. Mwendo ndio uliokuwa balaa. Ukikanyaga breki, pua inachimba chini. Ukikata kona, mwili mzima unalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Na kwenye vumbi lenye makunyanzi lilidunda mpaka meno yakagongana. Hapo ndipo alipolipeleka kwa fundi Okwi, kijana mpole wa Kwapa mwenye gereji Tororo, chini ya mwamba mkubwa wa mji huo.

Okwi hakufungua kitu kwanza. Aliegemea kona ya boneti kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likainuka, likashuka, likainuka, likashuka, likaendelea kujitikisa lenyewe kama kiti cha kubembea. Akazunguka pembe zote nne, akilini akihesabu.

"Mama, shoki yote imekufa," alisema. "Ukisukuma, gari inafaa kupanda mara moja na kutulia. Hii inakwenda tu kama ngoma."

Akamwonyesha mafuta yaliyovuja kwenye vile vyuma virefu kama pampu ya baiskeli, kimoja kila gurudumu, ambavyo kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Akauliza maswali ya fundi anayejua kazi: gari litabeba nini, kwa mwendo gani, njia gani? Benedeta alipomweleza habari za Harriet, Okwi alikata shauri papo hapo. Asichukue zile ngumu za kubebea mizigo, zitampiga mgonjwa mgongoni. Achukue mpya za mafuta, laini, zote nne kwa mara moja, maana ukichanganya nzima na chovu gari litavutana lenyewe. Alikuwa nazo kwenye rafu.

Lakini Benedeta alikuwa mtu wa mpakani, na watu wa mpakani wana imani yao: kitu halisi kilichotumika Japani ni bora kuliko kipya cha kuigiza. Kila mtu ana hadithi ya kipya kilichokufa kabla wino wa risiti haujafifia. Alisema atakwenda Busia, upande wa Kenya, atafute za mtumba.

Okwi alifuta mikono yake taratibu. "Mama, shoki ni goti ya gari. Nani ananunua goti ya mtu mwingine?"

Benedeta alicheka, akaenda.

Huko Busia muuzaji mmoja aitwaye Otai alikuwa na rundo la vyuma lililofika dirishani. Akamwita mathe, yaani mama, akamhakikishia kwamba mzigo umeshuka melini juzi, bado una baridi ya Japani. Akachomoa shoki nne, zote ndugu. Akaisimamisha moja sakafuni, akaikandamiza kwa viganja mpaka ikazama yote, akaiachia. Ikainuka yenyewe, polepole, bila haraka, kama mtu aliyeketi sana msibani. Hizo ni za gesi, alisema Otai. Yenye kuinuka hivyo haijafa.

Okwi alipozifunga, alisita kwenye ile ya nyuma kushoto. Chini ya kifuniko cha raba palikuwa na udongo mwekundu uliokauka, na ndani ya udongo magamba mawili ya samaki, membamba, yanang'aa. Alimwonyesha Benedeta kwenye kiganja. Benedeta akasema ni uchafu wa soko. Okwi akamaliza kufunga, akaegemea boneti. Gari likashuka, likapanda, likatulia.

Ajabu ilianzia kwenye lami. Benedeta alikuwa ametoka Tororo, asubuhi tulivu, barabara tupu na tambarare mbele yake. Gari likainama. Mara tatu fupifupi, kama kuku anayekunywa maji. Aliangalia kwenye kioo cha nyuma: hakuna shimo, hakuna tuta. Likatulia kidogo, kisha bega la kushoto likazama hata mkoba wake ukateleza kitini ukaanguka. Ukafuata mtikisiko mrefu, mwembamba, kama wa kupita kwenye makunyanzi. Lami ilikuwa laini kama meza.

Alisimamisha gari, akazunguka magurudumu, akayapiga teke. Yalikuwa mazima. Alipowasha tena, likaanza upya: mara tatu, kimya, bega la kushoto, makunyanzi. Alifika nyumbani jasho limemkauka mgongoni, na hakumwambia Harriet kitu.

Kesho yake alitoka na gari hilohilo kwenda Lumino. Mbele ya kanisa kuna mifereji mitatu inayokata njia, hakuna gari lisiloiheshimu. Aliikaza mikono kwenye usukani, akaipita. Hakuhisi kitu. Gari lilielea kama maziwa ndani ya kibuyu. Mbele ya duka la Norah kuna kalvati iliyobomoka upande wa kushoto, na Norah, ambaye miaka yote huona kila gari likimpigia saluti pale, alisimama mlangoni na pakacha lake la nyanya.

"Mama Paddy," alisema, "leo unapita kama malaika. Gari zote huniinamia, lako limenidharau."

Benedeta alisimamisha gari, akairudia njia akilini. Mifereji mitatu. Kimya. Shimo la kushoto. Na kutoka pale dukani hadi barabara kubwa, makunyanzi matupu. Hiyo ndiyo njia iliyokuwa ikitembea chini yake jana juu ya lami. Zile shoki zilikuwa zimeshaijua. Zilipita tangu alipowasha injini zikipiga magoti mahali zilipozoea kupiga, moja baada ya moja. Huku nyumbani mashimo yalizikuta zimeshajiandaa, ndiyo maana hapakuwa na mshindo.

Hupiga magoti njia nzima, wala haombi.

Alikaa ndani ya gari, mlango wazi, hata Norah akamletea maji. Jibu lilikuwa limemfikia, na aliyepaswa kulileta hakuwapo.

Hakurudi nyumbani. Aliendelea mbele kuona shoki zinajua mpaka wapi. Zilijua lami yote hadi Busia, zikajua matuta ya mjini. Zikajua ile njia ya vumbi inayopenya Kwapa, ambayo madereva wa mizigo midogo huishika kukwepa foleni ya malori ya mpaka wa Malaba. Kila shimo lilipita chini yake kama neno la wimbo unaoujua. Kisha, baada ya shule ya msingi, mahali penye ua wa michongoma na kijia cha kulia kilichoota nyasi katikati, gari likalala upande wa kulia. Usukani ulikuwa umenyooka mikononi mwake. Mwili wa gari ndio uliolala, taratibu, kama mtu anayeinamisha kichwa akusikilize. Magurudumu yakaanza kufuata.

Alikanyaga breki akiwa nusu kwenye nyasi. Kijia kile kiliteremka na kupotea. Hapakuwa na upepo, na ng'ombe waliokuwa wakila kando walikuwa wameinua vichwa wote, wanaangalia gari.

Angeweza kushuka, ziko hatua chache tu. Hakushuka. Mwanamke aliyengoja jibu miaka mitatu aliogopa kulipokea. Alirudisha gari nyuma, akaenda moja kwa moja kwa Okwi.

Okwi alilichukua gari peke yake, akazunguka nalo mji. Aliporudi hakuzima injini haraka. Alisema shoki ni nzima kabisa, lakini zina njia yao. Alisema pia kwamba zile mpya bado ziko kwenye rafu, na kazi ni ya saa mbili tu. Benedeta akamwomba wiki moja. Hakueleza sababu, Okwi naye hakuuliza, ila fundi aliona jinsi mama huyu alivyokuwa ameweka kiganja juu ya gurudumu la nyuma kushoto, kama anayepima homa ya mtoto.

"Mama," alisema, "gari ni ya kubeba wenye kupumua."

Siku zile Benedeta aliendesha bila safari. Alipita mifereji mitatu akarudi, akapita tena. Kila alipowasha injini alihisi kama mwanawe yuko chini yake, anampokelea mashimo. Harriet alimwona, akadhani mama anafanya mazoezi ya siku ya hospitali.

Uchungu haukungoja siku ya hospitali. Ulimjia Harriet saa nane mchana, siku nane kabla, na damu pamoja nao. Walimlaza kiti cha nyuma juu ya magodoro mawili, Wabwire akakaa naye akimshika mabega. Mvua ilikuwa imejikusanya upande wa ziwani. Benedeta aliwasha gari, na kwa mara ya kwanza aliliogopa.

Lilikwenda vizuri kupita kiasi. Mifereji, kalvati, makunyanzi, Harriet hakutikisika. Wabwire aliyezoea kugonga kichwa kwenye paa alinong'ona kwamba hii si gari, ni machela. Malori yalikuwa yamefunga barabara ya Malaba kama alivyotazamia, hivyo akashika njia ya Kwapa, ambako mvua iliwakuta. Shule ilipita. Ua wa michongoma ukaonekana.

Gari likalala kulia.

Akakaza usukani kushoto. Likazidi kulala. Gurudumu la mbele lilikwishapanda nyasi, matope yakaanza kuteleza chini yao kuelekea kule kijia kinakopotea, na breki kwenye matope hazikushika kitu. Nyuma Harriet alilia mara moja tu, akiwa ameuma meno. Benedeta hakuomba Mungu. Baadaye alikiri hivyo mwenyewe. Aliongea na aliyekuwa chini yake, kwa sauti ileile ya kumkatazia mtoto kisima.

"Paddy, huyu ni dada yako. Amebeba wawili. Tupitishe. Kesho nitakuja hapa kwa miguu yangu, nichukue jibu langu."

Gari lilikaa lilivyolala, kwa muda ambao mtu anaweza kumeza mate mara tatu. Kisha upande wa kulia ukainuka wenyewe, polepole, bila haraka, kama mtu aliyeketi sana msibani. Magurudumu yakarudi njiani.

Toka pale hadi Tororo shoki hazikujua kitu. Zilipokea kila shimo kama lilivyo, kama shoki yoyote. Ndipo Benedeta alipofahamu jambo jingine, na machozi yakamshuka akiwa anaendesha: ule mji aliompa mwanawe, hakuwahi kufika. Leo ndipo alikuwa anaingia.

Watoto walitolewa salama, wa kiume na wa kike. Harriet alishonwa, akalala.

Kesho yake Benedeta aliacha gari kwenye lango la shule, akatembea na Wabwire kijia kile mpaka mwisho. Kiliishia kwenye shimo kubwa la murram, lile ambalo watengeneza barabara huchimba na kuliacha, nalo limejaa maji ya mvua, mekundu, yametulia. Mama mmoja mchunga ng'ombe aliwafuata. Jina lake Alaso, nyumba yake iko ng'ambo ya shimo. Alipoambiwa wanatafuta nini, aliketi chini kabla ya kusema.

Alisema siku moja ya mvua nyingi, miaka mitatu nyuma, walisikia mlio lakini hawakuona kitu. Maji yalikuwa yamefunika. Kiangazi kilipokuja na maji kushuka, paa la gari likatokea. Kabla hawajajua la kufanya, walikuja watu na mashine ya kukatia chuma, wakalichana gari kwa siku mbili, wakalipakia vipandevipande, wakaondoka kuelekea Busia. Dereva walimwacha kando ya shimo ndani ya turubai. Alaso na mumewe waliogopa kuitwa mashahidi, lakini waliogopa zaidi kumwacha. Wakamzika chini ya michongoma, wakaweka jiwe. Ni kijia hiki ndicho kilichomdanganya, alisema. Wakati ule malori ya murram yalikuwa yamekikanyaga kikawa kipana kuliko njia yenyewe, na mvua ikinyesha mgeni hawezi kutofautisha.

"Hatukujua jina yake," Alaso alimwambia Benedeta. "Tulisema tu, mtoto wa watu, lala. Unisamehe, dada."

Benedeta alimshika mikono yote miwili. Akamwambia jina.

Taratibu za polisi na za daktari zilikula wiki nne. Katikati ya wiki hizo Okwi alizitoa shoki zile, akafunga zake mpya za mafuta, laini, zote nne. Alizifuta zile za zamani, akazikandamiza moja moja sakafuni kuonyesha kwamba bado ni nzima na zinaweza kupata mnunuzi. Kila moja ilizama, ikainuka. Benedeta akazifunga kwenye kanga.

Siku ya maziko Lunyo hapakuwa na haja ya mgomba. Lakini mama alikuwa na ombi, na Wabwire aliyeyaona ya Kwapa kwa macho yake akawanyamazisha wazee waliotaka kuuliza. Walizisimamisha shoki nne kaburini, mbili kichwani, mbili miguuni. Benedeta akashuka kwa ngazi, akaweka kiganja juu ya ya kwanza, akaikandamiza mpaka chini. Akaachia. Alingoja. Haikuinuka. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilizama, zikabaki zimekunjika hivyohivyo, kimya, huku watu wote waliosimama juu wakiangalia.

"Nimepata jibu," alisema Benedeta akiwa mle chini. "Nirudishie mji wangu, mwanangu."

Wakampa mkono, akapanda.

Jumapili iliyofuata alimrudisha Harriet na mapacha nyumbani. Kwenye kalvati ya Norah gari liliinama vizuri upande wa kushoto, likapanda mara moja, likatulia. Mtoto wa kiume aliamka akaanza kulia. Norah, mlangoni pake, akainua mkono kuitikia salamu.